Wati Kumi na Tano

Dukani kwa Rukondo, Mwanga, nyuma ya wauza mawese,
amplifaya zilipangwa kama magunia ya chumvi ya Uvinza:
kubwa chini, ndogo juu, vumbi kwa zote bila upendeleo.
Nilikwenda na gitaa mgongoni, limefungwa kanga,
na pesa nimezikunja ndani ya soksi.

"La nailoni hilo?" akauliza,
akiminya uzi wa sita kama anayepima nyanya.
"Nailoni ni ya kuvulia migebuka, mwalimu.
Sauti iko kwenye chuma."
Nikanyamaza. Nilikwenda kununua, sikwenda kubishana,
ingawa ni kweli: mwaka ule nyuzi zilipokosekana mjini
nilifunga mshipi wa Kibirizi mahali pa uzi wa kwanza,
ukaimba miezi minne bila kulalamika.

Ya kwanza, wati mia na ishirini.
Aliisukuma kwa goti, akaipiga kofi mgongoni
kama fahali wa mnadani.
Akabandika kisumaku chini ya nyuzi, akawasha.
Nikapiga. Kimya.
Akaongeza. Kimya,
na chini ya kimya, mngurumo, kama jenereta la jirani.
Sumaku humjua ndugu yake chuma;
nailoni ikipita mbele yake, haiamkii.

Ya pili ilikuwa nyekundu, ina vitufe kuliko shati la askari.
Safari hii nikatoa kisahani changu cha shaba,
nilichokipachika kwa mikono yangu
chini ya kile kimfupa kinachobeba nyuzi.
Ikaitika, lakini kwa lafudhi ya mtu mwingine.
Kila noti imevaa viatu vya bati.
Kidole kikiteleza, ukelele.
Vijana wa mlangoni wakashangilia: "Hiyo, mzee! Hiyo hiyo!"
Ningekuwa na miaka yao ningeichukua, na deni juu.

"Kwani unapigia wapi?" Rukondo alianza kuchoka.
"Harusini? Kanisani? Ukumbi unaingiza watu wangapi?"

Mmoja, nikasema.

Butoyi, mke wangu, miaka ishirini na miwili
amesimama kando ya mashine ya kusaga pale Mwandiga,
akipokea debe, akirudisha unga.
Mashine ilipomaliza mahindi ya watu
ilisaga masikio yake, taratibu, kuanzia juu:
kwanza ndege,
halafu kengele za baiskeli,
halafu wajukuu,
halafu nyuzi zangu tatu nyembamba.

Sitaki gitaa liwe kubwa, nikamwambia.
Nataka lisogee.

Akakuna kichwa. Akaingia ndani, akakaa sana huko,
akarudi na kisanduku kilichobanduka ngozi,
mkono wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Wati kumi na tano. Aliileta katekista wa Kasulu,
tangu hapo haijapata mtu. Haina mbwembwe."
Vitufe vitatu tu. Nikazungusha wa besi kulia,
nikapiga, na lilikuwa gitaa langu,
lile lile, na mbao zake na ukaidi wake,
ila limepiga hatua mbili mbele.
Hata kucha ilisikika ikiuaga uzi.

Bei tuliivutana hadi adhuhuri.
Ule mkono uliovunjika uliniokolea elfu ishirini.

Usiku, umeme ulipoukumbuka mtaa wetu,
nikaiweka kando ya kigoda chake.
Hakusema kitu. Aliacha kuchambua maharage,
akatua kiganja juu ya kisanduku
kama anayemgusa mtoto kujua homa imepungua.
Nikapiga ule wa zamani, wa tangu hatujazaa.
Kusema kweli nilisubiri chozi;
uso nilikwisha uandaa.

"Wa nne," akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wa mashine,
"umelegea."

Bodaboda ya kutoka Mwanga, mashimo yale.
Ulikuwa umelegea kweli.
Nikaukaza, yeye kiganja hakuondoa,
nikaukaza tena kidogo,
mpaka akatikisa kichwa: hapo.